Bado Thelathini na Moja

Mama Barafu alikuwa na wateja thelathini na mmoja waliomwambia "bado," na kwa nusu mwaka mzima alilala usingizi wa pono kwa sababu yao.

Jina hilo la Barafu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wauza nyama, miaka kumi na saba iliyopita, alipoanza kuzunguka bucha moja hadi nyingine na vipeperushi vya majokofu kwapani. Walimcheka kwanza, wakanunua baadaye, na jina likamganda. Ofisini kwao, ukutani juu ya birika la chai, zilikuwapo picha zake tisa, kila moja na maandishi chini yake: Muuzaji Bora wa Mwaka. Katika ya kwanza alikuwa mwembamba na macho yamemtoka kwa woga. Katika ya tisa alikuwa amejaa, ametulia, anamtazama mpiga picha kama anataka kumuuzia kitu. Alijivunia picha zile, na sioni kwa nini asijivunie.

Kisha hali ikawa ngumu. Umeme ukaanza kuja kwa mgao, maduka yakawa yanafungwa mchana kweupe, na watu waliokuwa wakimwita Mama Barafu tangu ng'ambo ya barabara wakaanza kujifanya wana shughuli na simu zao. Wauzaji wenzake walipiga kelele. Yeye alitulia, kwa kuwa daftari lake lilikuwa limejaa bado.

Ni neno tamu hilo, bado, na sisi tunalijua utamu wake. Muulize mtu kama amejenga. Hatakujibu hapana, hata kama hana kiwanja, hana tofali na hana mpango. Atasema bado, na nyote wawili mtaagana mkiwa na furaha. Mama Barafu alikuwa amelisoma neno hili kwa namna yake. Kila mgeni aliyeingia kazini alimketisha na kumfundisha: "Mteja akikwambia bado, usinune. Bado ni ndiyo inayofunga kamba za viatu. Wewe subiri mlangoni." Mmoja wa aliowafundisha hivyo alikuwa kijana mpole mwenye suruali ya kuazima. Sasa ndiye meneja wa tawi, na bado alimwita Mama.

Meneja huyo ndiye aliyewaita wauzaji wote watano Ijumaa moja na kuwasomea barua ya makao makuu. Ijumaa inayofuata, kila muuzaji angeandika ubaoni idadi ya majokofu atakayouza katika miezi mitatu ijayo. Majokofu yangeletwa kwa hesabu hiyo hiyo. Na kwa kuwa nyakati ni mbaya, wauzaji watano wangebaki watatu. Wawili wenye idadi ndogo kabisa wangeaga.

"Mjue na jambo lingine," meneja alisema huku akikunja barua. "Tawi la wenzetu lilifungwa kwa sababu ya ubao kama huu. Waliandika tisini, yakaletwa tisini, na sabini yakaota vumbi stoo mpaka mlango ukatiwa kufuli."

Kasuku, muuzaji aliyekuwa na maneno mengi kuliko redio, alisema yeye hana wasiwasi. Mama Barafu alipapasa daftari lake ndani ya mkoba. Thelathini na moja. Nani angemfikia?

Jumapili wifi yake alikuja kula mchana, kama alivyokuja kila Jumapili. Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mwenye moyo mwema na maswali mengi. Alianza na afya ya kaka yake, ambaye alijificha nyuma ya gazeti, kisha akamgeukia binti wa nyumba, muuguzi wa miaka thelathini na miwili aliyekuwa akijipakulia.

"Na wewe mwanangu, umeshapata mchumba?"

"Bado, shangazi."

"Hata wa kuja kuja tu?"

"Bado kidogo, shangazi."

"Haya, Mungu ni mwema." Shangazi akaongeza mchuzi, ameridhika kabisa.

Baadaye jikoni, binti akiosha vyombo na mama akifuta, Mama Barafu alishindwa kujizuia. "Kwani yupo mtu, mwanangu?"

"Hayupo, mama. Wala simtafuti. Nilishaamua zamani, na nina amani yangu."

"Sasa mbona umemwambia shangazi yako bado?"

Binti alicheka mpaka povu likamrukia shavuni. "Ningemwambia hapana si angemwaga machozi kwenye mchuzi? Nimemwambia bado, amekula, amefurahi. Mama, bado ni hapana iliyonawa uso tu. Kila mtu anajua hivyo."

Kila mtu anajua. Mama Barafu alibaki na sahani mkononi, akiifuta mahali palipokwisha kukauka. Alimkumbuka mwenye bucha ya kona, aliyemwambia bado mara kumi na moja, kila mara akitabasamu, kila mara akimkaribisha kiti. Alimkumbuka mwenye hoteli, na mama wa juisi, na mkuu wa shule ya bweni. Wote walikuwa na tabasamu lile lile alilokuwa nalo binti yake mezani. Na shangazi aliyeongeza mchuzi akaridhika, kwa nusu mwaka, alikuwa yeye mwenyewe.

Alikwenda chumbani, akaketi kitandani na daftari mapajani. Aliona aibu, na aibu ile ilimpanda kama homa. Mtu wa picha tisa! Bora wa mwaka mara tisa, halafu amechezewa kama mtoto, tena na watu wenye adabu!

Na hapa ndipo mtego ulipokuwa. Angeweza kuvaa miwani ya mbao. Angeandika thelathini na moja Ijumaa, abaki kazini, na majokofu yakija yakakosa wanunuzi, angesema nyakati. Nani angembishia? Kila mtu alikuwa akisingizia nyakati. Akienda kuuliza ukweli, asingeweza tena kutoujua. Lakini Mama Barafu alikuwa na kiburi, na ashukuriwe aliyempa. Kiburi chake hakikukubali kuandika ubaoni kwa mkono wake kitu ambacho hata binti yake angekicheka. Jumatatu asubuhi alivaa viatu vyake vya kazi na kwenda kuomba hapana.

Alianza na bucha ya kona. Mwenye bucha, mzee mnene mwenye aproni iliyopauka, alimwona akaanza kutabasamu kabla hajafika.

"Mama Barafu! Karibu kiti. Lile jambo letu, bado..."

"Leo sikuja kuuza. Nimekuja kuomba hapana."

Mzee aliweka kisu chini. "Hapana ya nini tena?"

"Ya jokofu. Umeniambia bado mara kumi na moja. Kama hununui, niambie hapana, nikufute."

"Unifute? Tumekosana?"

"Hatujakosana."

"Sasa mbona unanifukuza? Mimi si nimesema bado?"

"Basi utanunua lini?"

"Hali ikikaa sawa."

"Itakaa sawa lini?"

Mwenye bucha alitazama dari, akatazama mizani, akatazama mguu wa ng'ombe uliokuwa ukining'inia, na vyote havikumsaidia. Jasho lilimtoka. "Nikisema hiyo hapana, hutakasirika?"

"Sitakasirika."

"Na utaendelea kupita kunisalimia?"

"Nitapita."

Akavuta pumzi. "Basi hapana," alinong'ona, kisha akachungulia barabarani kuona kama kuna aliyemsikia. Alionekana kama mtu aliyetua gunia. "Njoo nyuma nikuonyeshe kwa nini."

Nyuma ya pazia lilisimama jokofu la miaka tisa, limechubuka pembe zote, mlango umefungwa kwa kamba. Mama Barafu alilijua kabla hajalifikia. Ni yeye aliyemuuzia.

"Linagandisha," mzee alisema, akalipigapiga mgongoni. "Mpira wa mlango umechoka, hiyo kamba ndiyo mpira sasa. Lakini linagandisha kuliko siku ya kwanza. La pili nilipeleke wapi? Na unakumbuka siku ile? Nilitaka la milango miwili, nionekane mkubwa mtaani. Nilikuwa nimeshakubali, wewe ukanikatalia. Ulisema, hapana, baba, bucha yako haina nyama ya milango miwili."

Alikuwa amesahau. Aliyasikia maneno yale, akamwona yule mwanamke wa picha ya kwanza, mwembamba, macho yamemtoka, akimwambia mteja hapana usoni huku mauzo yakimponyoka. Alikuwa na ujasiri gani yule! Na sijui ni katika picha ya ngapi alipoanza kuliogopa neno hilo, kulitamka na kulisikia. Aliweka kiganja kwenye ubavu wa jokofu. Lilikuwa likinguruma taratibu. Macho yalimlowa, naye hakuona haja ya kuyaficha.

Alizunguka siku nne, wateja nane kwa siku na siku moja saba. Kupata hapana kulikuwa kazi ngumu kuliko kuuza. Mkuu wa shule ya bweni alimzungusha nusu saa nzima, akataja bodi, akataja wazazi, akataja mvua, mpaka Mama Barafu akamwambia, "Mwalimu, swali ni la ndiyo au hapana, jaza nafasi iliyo wazi." Mwalimu akacheka, akajaza. Mwenye hoteli alikiri kwamba alishanunua jokofu kuukuu la mtu miezi mitatu iliyopita, na kila akimwona Mama Barafu anakuja, alikuwa akilitupia kitambaa cha meza na kuweka vyungu vya maua juu yake. "Mimi nikadhani ni meza mpya," Mama Barafu alisema. "Tena nilikusifia!" Walicheka mpaka wapishi wakatoka kuona kuna nini. Mama wa juisi hakuwa na duka tena. Alikuwa amelifunga zamani, na alikuwa akijibu simu za Mama Barafu akiwa nyumbani kwa dada yake, akisema bado ili angalau kwa mtu mmoja aonekane mwenye duka. Huyo hakumwomba hapana. Aliketi naye, akamfuta kimyakimya baadaye, na moyo ukamuuma.

Wengi walimwonyesha majokofu yake ya zamani. Kumi na wawili kati yao hawakununua kwa sababu moja tu, kwamba alichowauzia hakijafa. Alifungua mlango mmoja baada ya mwingine, akasikiliza ngurumo, na kila alipotoka alitembea amejinyoosha zaidi. Biashara ilikuwa imekwenda na maji, lakini hakukuwa na jokofu hata moja la kumkimbiza mtaani kwa aibu.

Jioni ya Alhamisi daftari lilikuwa limebaki na majina manne. Wanne hao walisema ndiyo, na siku ya kupokea jokofu wakaitaja. Mmoja, mwenye duka la dawa, alimsuta. "Mimi tangu mwezi wa kwanza nasema nataka dogo. Wewe unanisikiliza? Unanisifia kubwa tu."

Ijumaa walikusanyika mbele ya ubao. Kasuku alitangulia, akaandika ishirini na tano kwa tarakimu nene. Dada waliyemwita Kisigino, kwa viatu vyake, akaandika kumi na nane. Wale wawili waliokaa meza moja siku zote na kuitwa Mapacha, wakaandika kumi na saba na kumi na sita. Mama Barafu akachukua kalamu, akaandika nne.

"Mama umesahau tarakimu ya pili," Kasuku alisema, na watu wakacheka.

"Sijasahau."

Kicheko kikakatika. Meneja alimwita ukumbini, karibu na ngazi, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nakuomba. Andika hata ishirini. Wawili wa chini wanaondoka, na mimi siwezi kukusomea wewe barua hiyo. Nani aliyenifundisha kazi?"

"Ni mimi. Na kuna mahali nilikufundisha vibaya. Twende ndani, waliofundishwa hivyo ni wengi."

Alirudi, akasimama chini ya picha zake tisa. Sauti ilikuwa ile ile iliyowauzia wauza nyama.

"Niliwaambia bado ni ndiyo inayofunga kamba za viatu. Nilikosea. Nilikuwa na bado thelathini na moja, nikaenda kuziuliza moja moja. Ishirini na saba zilikuwa hapana, na nyingine zilikuwa hapana tangu siku ya kwanza. Watu wananipenda, walikuwa wananistahi. Nimejidanganya nusu mwaka, mimi wa picha hizi. Nina wanne. Hao wanne ni watu kweli, nimewashika mikono. Tukiandika bado zetu ubaoni, yataletwa majokofu, na majokofu hayajui adabu. Yatakaa stoo yakitutazama mpaka kufuli lije."

Kisigino alikuwa akizungusha pete kidoleni. Kisha akainuka, akaenda ubaoni, na kwa kidole kimoja akafuta moja ya kumi na nane. Ikabaki nane. Mapacha wakatazamana, wakafuta moja zao: saba, na sita. Kasuku alikuna shingo, akasonya, akajikokota hadi ubaoni na kufuta ile mbili. Ikabaki tano, moja zaidi ya Mama Barafu. Mtu haachi tabia zake zote kwa siku moja.

"Mnanitazama nini?" Kasuku aliuliza. "Na mimi nina watu wangu wenye adabu."

Meneja alisimama mbele ya ubao. Alikuwa na jumla ya themanini kichwani, na sasa alikuwa na thelathini. Akainakili kwenye karatasi kama ilivyokuwa, akaipeleka.

Jibu lilikuja Jumatano. Tawi halifungwi, makao makuu yalisema. Ndilo tawi pekee lililoleta idadi inayofanana na nyakati. Yataletwa majokofu thelathini. Wauzaji watabaki watatu, kwa mpangilio wa ubao. Meneja alisoma mpaka hapo, akampa Kisigino amalizie.

"Kumbe ningeiacha ile mbili!" Kasuku alisema, akihesabu kwa vidole na kujikuta wa nne.

Kwa Mama Barafu lilikuwa pigo. Alikuwa amelitarajia, lakini pigo ni pigo. Akaketi. Baada ya muda akainuka, akaanza kukusanya kikombe chake, kalamu zake na kanda yake ya kupimia milango. Meneja alimfuata, macho mekundu, akauliza picha amshushie ngapi.

"Ziache zote," alisema. "Hizo ni za kweli. Mwakani mkipata mgeni, mwonyesheni, halafu mwambieni na habari ya bado."

Katika wiki mbili alizopewa kumalizia kazi aliwapelekea wanne wake majokofu yao, mwenye duka la dawa akapata dogo. Siku ya mwisho akitoka alipita bucha ya kona kumsalimia mzee, kama alivyoahidi. Mzee akamuuliza kama anajua mahali pa kupata mpira mzuri wa mlango, kwa sababu kamba imeanza kukatika. Alijua. Alijua pia milango mingine kumi na moja yenye mipira iliyochoka, maana alikuwa ameifungua mwenyewe, na alimjua fundi mwaminifu wa kuifunga. Alinunua daftari jipya dukani, akachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja akaandika ndiyo, upande wa pili hapana.

Jumapili wifi alikuja. Alikuwa amesikia, maana wifi husikia yote. Alimsubiri Mama Barafu aketi, akaweka mkono wake juu ya wake.

"Pole, wifi yangu. Wamekutoa."

"Wamenitoa, wifi."

"Miaka yote hiyo! Kwa hiyo biashara ndiyo imekushinda?"

Kijiko cha binti kilisimama hewani. Gazeti la mumewe likashuka kidogo. Neno la adabu lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi wake, tamu, limeshanawa uso, na wote wangeendelea kula kwa amani. Mama Barafu alimwangalia wifi yake machoni, kwa upendo.

"Hapana," alisema.

Neno lilitua mezani. Shangazi alifumba na kufumbua macho. Hakuna aliyekufa. Binti alimtazama mama yake, akaweka kijiko chini, akafuta midomo na kuketi wima.

"Shangazi," alisema, "ile habari ya mchumba uliyoniuliza siku ile, nikakwambia bado..."

Mumewe Mama Barafu alikunja gazeti, akanyoosha mkono, akasogeza bakuli la mchuzi mbali na dada yake.